Unapiga besi lakini jazz inakupiga chenga? Anza na noti nne tu

Umepiga besi kanisani au kwenye bendi kwa miaka kadhaa. 1-4-5 unaijua hata ukiamshwa usiku wa manane. Halafu siku moja mpiga kinanda anakwambia, "Hii tunapiga jazz, tembea na 2-5-1." Ghafla mikono inakuwa mizito. Unang'ang'ania noti moja, dramu inazidi kwenda, na bendi nzima inakuangalia.

Vidole vyako havina shida. Shida ni kwamba jazz inampa mpiga besi kazi nyingine kabisa.

Jazz ipi tunayoizungumzia?

Kwetu hili neno linachanganya. Morogoro Jazz, Tabora Jazz na Western Jazz zilikuwa bendi za dansi, na muziki wao ulikuwa jirani zaidi na rumba. Kwenye rumba, besi hushika mtindo mmoja, huurudia na kuacha nafasi ili watu wacheze.

Kwenye jazz ya Marekani mara nyingi besi hutembea. Kila pigo lina noti yake, mapigo manne kwa kipimo, na mstari wako unabadilika kila mara.

Sasa utajuaje noti ipi ifuate? Shika hili: pigo la kwanza linasema tuko wapi, pigo la nne linasema tunaelekea wapi.

Zijue kodi zako

Hapa siongelei kodi ya nyumba. Kodi ya muziki ni noti kadhaa zinazopigwa pamoja. Chukua ngazi ya C, yaani do-re-mi ya kawaida, kisha anza na noti yoyote na uruke moja moja:

- Kodi ya 2, Dm7: D, F, A, C
- Kodi ya 5, G7: G, B, D, F
- Kodi ya 1, Cmaj7: C, E, G, B

Hiyo ndiyo 2-5-1. Utakutana nayo kwenye nyimbo nyingi sana za jazz, kwa hiyo ukiielewa umeshapiga hatua kubwa.

Angalia pia kitu hiki. F iko kwenye Dm7 na iko kwenye G7. Ile C ya Dm7 inashuka nusu hatua tu kuwa B ya G7. Kumbe kodi hazirukiruki ovyo, zinapokezana kama wakimbiaji wa vijiti.

Sasa tembea

Shika besi yako ya nyuzi nne (E, A, D, G) na upige hivi taratibu:

- Kipimo cha 1 (Dm7): D, F, A, A flati
- Kipimo cha 2 (G7): G, F, D, D flati
- Kipimo cha 3 (Cmaj7): C, D, E, G
- Kipimo cha 4 (Cmaj7): A, G, E, E flati

Kisha rudi mwanzo kwenye D.

Anza na D kwenye uzi wa A, freti ya 5. F iko uzi wa D, freti ya 3. A iko uzi wa G, freti ya 2. A flati ni freti ya 1 ya uzi huohuo, na G ni uzi huo ukiwa wazi. Mkono hauendi mbali.

Umeona pigo la nne? A flati haimo kwenye Dm7, wala haimo kwenye ngazi ya C. Ukiipiga peke yake ukatulia hapo, itasikika kama umekosea. Lakini iko nusu hatua juu ya G, kwa hiyo sikio linaivumilia kwa sababu linajua inakwenda kutua. D flati inafanya hivyohivyo kuelekea C, na E flati kuelekea D.

Ndiyo maana wapiga jazz hupita kwenye noti "mbaya" bila wasiwasi: wanajua pigo la kwanza linalofuata watatua wapi. Ukikosa kutua hapo, mpiga kinanda na mwimbaji nao wanayumba, maana wanakusikiliza wewe wajue wako wapi.

Msikilize Paul Chambers

Tafuta wimbo "So What" kwenye albamu ya Miles Davis ya 1959, Kind of Blue. Besi ni Paul Chambers, ambaye wakati wa kurekodi alikuwa na miaka 23 tu. Mwanzoni besi ndiyo inabeba wimbo na wengine wanamjibu. Zikianza solo, anatembea.

Wimbo una kodi mbili kubwa: vipimo 16 vya D mainoro, 8 vya E flati mainoro, kisha 8 vya D mainoro. Jumla 32, halafu mnazunguka tena. Hesabu kwa vidole ukisikiliza. Utapotea mara ya kwanza, ni kawaida. Endelea mpaka usipotee.

Zoezi la wiki hii

1. Washa metronomu ya kwenye simu, mwendo wa 60, na upige vile vipimo vinne dakika 10 kila siku.
2. Imba noti ya kwanza ya kila kodi huku ukipiga. Usipoweza kuiimba, bado hujaijua.
3. Ikikaa sawa, hesabu mlio wa metronomu kama pigo la 2 na la 4. Mengine yabebe mwenyewe. Hapo ndipo utajua kama mwendo uko kwako au uko kwenye simu.
4. Badilisha pigo la nne: badala ya kushuka kwenye noti unayoiendea, ipande kutoka nusu hatua chini yake.

Usikimbilie kasi. Mpiga besi wa noti nne anayetua mahali pake ataitwa tena, kuliko mwenye mbwembwe nyingi anayewapoteza wenzake.