Picha ya Mandhari kama Kipimo: Mafunzo kutoka Masasi na Newala

Watu wengi huichukulia picha ya mandhari kuwa ni pambo la ukutani au la kalenda. Mpiga picha hupanda mahali palipoinuka, hungoja jua lipungue ukali, hubonyeza kamera, kisha huenda zake. Shabaha ya makala haya ni kuonyesha kwamba picha hiyo hiyo, ikipigwa kwa utaratibu fulani usio mgumu, yaweza kuwa kipimo cha kisayansi ambacho thamani yake huongezeka kila mwaka upitao. Msingi wa utaratibu huo ni mmoja: picha ipigwe kwa namna ambayo mtu mwingine, hata baada ya miaka hamsini, ataweza kuirudia. Katika mkoa wa Mtwara, wilaya za Masasi na Newala zinatupatia mahali pafaapo sana pa kujizoeza kazi hii.

JIWE NA UKINGO

Msafiri afikaye Masasi hulakiwa na vilima vya mawe vilivyosimama kimoja kimoja juu ya nchi iliyo karibu tambarare. Mwanajiolojia wa Kijerumani, Wilhelm Bornhardt, aliyesafiri katika sehemu hizi mwishoni mwa karne ya 19, aliviita vilima hivyo kwa lugha yake "milima-visiwa" katika kitabu alichokichapisha mwaka 1900, kwa kuwa huchomoza katika nchi kama visiwa baharini. Neno lake limeingia katika vitabu vya jiografia duniani kote, na hadi leo vilima vya mawe vyenye umbo la kuba huitwa kwa jina lake. Miamba ya Masasi ni ya kale mno. Umri wake wapita miaka milioni 500. Imebaki imesimama baada ya ardhi laini iliyoizunguka kumomonyoka na kuchukuliwa na maji.

Newala ni habari nyingine. Mji huu umejengwa karibu na ukingo wa uwanda wa juu wa Makonde. Uwanda huo huinuka polepole kutoka upande wa pwani hadi kufikia takriban mita 900 juu ya usawa wa bahari katika sehemu zake za magharibi, kisha hukatika ghafla. Penye ukingo huo, mahali paitwapo Shimo la Mungu, mtazamaji huliona bonde la Ruvuma limetandazwa chini yake, na ng'ambo ya mto huiona nchi ya Msumbiji. Uwanda wa Makonde umefanyika kwa miamba ya mchanga, iliyo laini na changa kuliko mawe ya Masasi. Maji ya mvua huzama upesi katika udongo wake, ndiyo sababu juu ya uwanda hakuna mito, na kwa vizazi vingi akina mama walilazimika kushuka mabondeni kuteka maji kwenye chemchemi na kupanda tena na mitungi kichwani. Pale penye mteremko, ardhi ikiwa haina majani ya kuifunika, maji hayo hayo hukata makorongo.

Kwa hiyo tunayo mazingira mawili yanayokamilishana. Masasi kuna jiwe lisilosogea, ambalo laweza kutumika kama alama ya kudumu katika kila picha. Newala kuna ukingo unaomeguka na bonde linalolimwa, yaani vitu ambavyo mabadiliko yake yafaa kupimwa.

PICHA MBILI ZA MAHALI PAMOJA

Picha moja hueleza hali ya mahali kwa siku moja. Picha mbili za mahali hapo hapo, zilizoachana kwa miaka mingi, hueleza mwendo wa mambo. Barafu ya mlima Kilimanjaro ni mfano unaojulikana: wataalamu walipoilinganisha ramani ya mwaka 1912 na picha zilizopigwa kutoka angani, waligundua kwamba kufikia mwaka 2007 takriban asilimia 85 ya eneo lile la barafu lilikuwa limetoweka.

Mfano wa Machakos, nchini Kenya, una mafunzo zaidi kwa wakulima. Katika miaka ya 1930 maofisa wa serikali ya kikoloni walipiga picha za milima iliyokuwa mitupu, yenye makorongo, wakabashiri kwamba ongezeko la watu lingeiangamiza nchi ile. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watafiti walirudi na picha hizo mkononi, wakasimama mahali pale pale, wakapiga upya. Idadi ya watu ilikuwa imeongezeka zaidi ya mara tano, lakini milima ilikuwa imejaa matuta na miti iliyopandwa na wakulima wenyewe. Matokeo ya utafiti huo yalichapishwa mwaka 1994, na mjadala wake haujakwisha. Tunachopaswa kukizingatia ni kwamba bila picha za awali, hoja ingebaki kuwa neno la mtu mmoja dhidi ya neno la mwingine.

Je, kwetu kusini hali ikoje? Mwaka 1906 mtaalamu wa Kijerumani aitwaye Karl Weule alifika Masasi na Newala akiwa na kamera, mashine ya kupigia sinema na santuri ya kurekodia sauti. Kitabu chake kilitoka mwaka 1908, na ndani yake mna picha pamoja na maelezo ya vichaka vizito vilivyoufunika uwanda wa Makonde. Mwaka 1945 Clement Gillman naye aliandika juu ya kilimo cha uwanda huo, ambamo shamba lililochoka huachwa lirudiwe na kichaka. Leo mgeni atembeaye Newala huona mikorosho. Badiliko hili ni kubwa mno, na lilitokea katika maisha ya watu ambao baadhi yao wangali hai.

Takwimu hutueleza sehemu tu ya habari hiyo. Twajua kwamba katika msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna korosho zipatazo tani 145,000, na kwamba kufikia mwishoni mwa miaka ya 1980 mavuno yalikuwa yameshuka chini ya tani 20,000. Sababu zitajwazo ni nyingi: bei ndogo, wakulima kuhamishiwa vijijini na kuiacha mikorosho yao mbali, na ugonjwa wa ubwiriunga ulioenea kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970. Lakini ni mteremko upi ulioachwa ukarudiwa na kichaka? Ni korongo lipi lilianza wakati huo, na lipi lilikuwapo tangu zamani? Maswali kama hayo hayajibiwi na hesabu za ghala. Picha moja kwa mwaka, kutoka mahali pamoja penye ukingo, ingeyajibu.

MAHALI PA KUSIMAMA

Anayeanza kujifunza aghalabu huuliza ni kamera gani inayofaa. Kamera yoyote inafaa, hata ya simu ya mkononi. Jambo la kwanza ni mahali pa kusimama, kwa sababu ndipo panapoamua jinsi vitu vya karibu na vya mbali vitakavyopangika katika picha. Lenzi ya kuvuta hukata sehemu ndogo ya mandhari na kuikuza. Haiwezi kubadili mpangilio huo.

Tuchukue mfano wa hesabu. Tuseme umesimama Masasi, mbele yako kuna jiwe umbali wa mita 20, na nyuma yake kilele cha kilima umbali wa kilomita 2. Ukisogea upande mmoja kwa mita 1, jiwe la karibu litaonekana limehama kwa karibu nyuzi 3, hali kilele kitahama kwa nyuzi 0.03 tu. Kwa hiyo, ukipiga picha ambayo ncha ya jiwe imegusana barabara na kilele, umeacha kufuli ambalo ufunguo wake ni mahali pamoja tu. Atakayerudi baadaye atasogea huku na huku mpaka ncha na kilele vigusane tena. Simu za siku hizi huweza kuandika latitudo na longitudo ya picha, lakini zaweza kukosea kwa mita kadhaa. Njia ya mawe mawili hukosea kwa sentimita.

Huko Newala mawe kama hayo ni haba. Hapo itafaa kutumia kona ya jengo imara, au kuchimbia nguzo fupi ya saruji kwa ruhusa ya serikali ya mtaa. Mti haufai kuwa alama, kwani hukua, hukatwa na hufa.

JUA, MAJIRA NA MOSHI

Jambo la pili ni mwanga. Masasi na Newala ziko kati ya nyuzi 10 na 11 kusini ya ikweta. Kwa sababu hiyo jua la adhuhuri hupita utosini mara mbili kwa mwaka, karibu na tarehe 20 Februari na tarehe 22 Oktoba. Siku hizo, saa sita mchana, vivuli hutoweka na makorongo huonekana kama ardhi iliyo sawa. Mwezi Juni jua la adhuhuri husimama upande wa kaskazini, kwa kimo cha nyuzi 56 hivi. Mtu atazamaye bonde la Ruvuma kutoka Newala, akielekea kusini, wakati huo huwa na jua mgongoni, na bonde humulikwa vizuri. Kwa kuyaonyesha makorongo, saa mbili asubuhi au saa kumi jioni ni bora zaidi, kwa maana kivuli kirefu huchora kila bonde dogo.

Jambo la tatu ni hewa. Hewa yenyewe, pamoja na vumbi na moshi uliomo, hutawanya mwanga, na mwanga wa buluu hutawanywa kuliko mwekundu. Ndiyo maana milima ya mbali huonekana ya buluu na kufifia. Kuanzia Agosti hadi Oktoba, mashamba na mapori yachomwapo, ng'ambo ya Ruvuma yaweza isionekane kabisa. Mvua zinapokwisha, kati ya Aprili na Juni, hewa huwa imeoshwa.

Hapa pana hatari ya kudanganyika. Miti mingi ya miombo hupukutisha majani wakati wa kiangazi. Mtu akiilinganisha picha ya Aprili na picha ya Septemba ya miaka kumi baadaye, atadhani msitu umeangamia, kumbe umelala tu. Kanuni ni kurudia picha katika mwezi ule ule na saa ile ile.

DAFTARI

Picha isiyo na maelezo ni bubu. Kila picha iandikiwe tarehe, saa, mahali pa kusimama, upande unaotazamwa kwa kipimo cha dira, kimo cha kamera kutoka ardhini, aina ya lenzi au simu, na hali ya hewa. Yaongezwe pia majina ya mashamba na vijito kama wenyeji wanavyoyataja. Nakala halisi ihifadhiwe bila kurekebishwa rangi, na nyingine ichapishwe kwenye karatasi. Kabla ya yote wazee wa mahali waombwe ruhusa, hasa penye makaburi au mahali pa matambiko. Na mara nyingi wao ndio watakaokumbuka korongo lilianza mwaka gani.

Kazi hii haihitaji fedha nyingi. Shule moja ya sekondari ikichagua vituo viwili, na kila kidato kipya kikikabidhiwa daftari na kidato kinachoondoka, baada ya miaka ishirini itakuwa na kumbukumbu ambayo ofisi nyingi za mipango hazina. Weule alirudi Ujerumani, na mwaka 1907 akawa mkurugenzi wa jumba la makumbusho la Leipzig, ambako vingi alivyovikusanya huku vilihifadhiwa. Yeye ndiye aliyechagua asimame wapi na apige nini, kwa haja za utafiti wake. Anayelima kando ya ukingo wa Newala ana maswali yake mwenyewe: shamba langu linasogelewa na korongo kwa kasi gani, na matuta niliyoyajenga yamelizuia au hayakulizuia? Picha itakayomjibu mwaka 2050 ni lazima ipigwe sasa, na mtu atakayeandika mahali alipokuwa amesimama.