Tairi Linalokula Gari Lake

Mwaka 1971 Edgar Herrmann alishinda mashindano ya magari ya Safari ya Afrika Mashariki akiendesha Datsun 240Z. Gari hilo la mita 4.1 limeigwa kwa vipande vya plastiki vya kuunganisha, kwa kipimo cha 1/24: sentimita 17 tu.

Wakusanyao seti kuukuu za namna hii wana adui ndani ya boksi. Bodi ni polistirini ngumu. Tairi mara nyingi ni vinili iliyolainishwa kwa kemikali ya mafuta. Miaka ipitapo, kemikali hiyo huhama na kuiyeyusha polistirini palipogusana, hasa penye joto. (Gari la waya la mtoto wa Kigera, lenye magurudumu ya kandambili, huugua kutu tu.) Boksi lisilofunguliwa tangu kiwandani si kinga, huenda kioo kimekwisha kuliwa. Tairi zitengwe mapema katika mfuko wa polithini.