Vijana wa simu nao wapewe bustani

UKIPITA Marikiti baada ya alasiri utawaona: vijana watatu wanne barazani pa duka lililofungwa, shingo zimeinama, kila mmoja na simu yake. Mzazi husema wamepotea. Lakini wakiinuka hapo, waende wapi? Vichochoro vya Mji wa Kale ni vyembamba, na barabarani pana tuktuk na mikokoteni.

Iko michezo ya simu inayomtaka mchezaji atembee. Mashuhuri ni Pokémon GO, uliotoka Julai 2016. Simu hutambua mchezaji alipo kwa setilaiti, naye huvifuata vituo vilivyowekwa kwenye sanamu, majengo ya kale na bustani. Mji wenye Fort Jesus ungefaa sana, ila anayetembea huku macho yako kwenye kioo ataumia. Anahitaji pahali wazi pasipopita magari, penye kivuli, maji na taa.

Bustani isiyoandaliwa nayo huleta ugomvi. Kule Milwaukee, Marekani, wachezaji walifurika Lake Park mwaka huo huo wakaacha taka. Mwaka 2017 wakuu wa huko walitaka watengenezaji wa michezo wachukue kibali kwanza; mahakama ikawazuia.

Dawa imewahi kujaribiwa hapa Kenya. UN-Habitat, shirika la Umoja wa Mataifa lenye makao Nairobi, lilishirikiana kuanzia 2012 na Mojang, kampuni ya Sweden iliyobuni mchezo wa Minecraft. Kazi hiyo iliitwa Block by Block, na uwanja wa Silanga, Kibera, ulikuwa miongoni mwa ya mwanzo. Eneo huchorwa ndani ya mchezo jinsi lilivyo. Wakazi hukaa wachache wachache kwenye kompyuta moja, wakabishana, wakaongeza mti, benchi, taa. Kisha wasanifu huchukua mawazo hayo na kuyageuza michoro ya ujenzi. Kijana asiyeweza kusoma ramani ya mhandisi husikika kwa njia hiyo.

Mombasa ina pa kuanzia. Mama Ngina, iliyotengenezwa upya 2019, ina nafasi, lakini si ya mtoto wa Marikiti kwenda peke yake. Treasury Square iko karibu, na ina miti. Kompyuta chache na siku mbili za likizo zatosha kwa jaribio. Tena wasichana waitwe kwanza, kwani pale barazani hawaonekani kabisa.