Motokari inayokunywa kidogo: tupige hesabu kwanza

Wandugu wanachama, kila mara mafuta yakipanda bei, tukifika kwenu kwenye mikutano swali ni lile lile: motokari gani inakunywa kidogo? Bei ikishuka, hakuna anayeuliza tena. Watu wanaanza kusifu nguvu ya moteri.

Hiyo tabia si ya kwetu peke yetu. Marekani walizoea motokari kubwa kubwa, juu esanse ilikuwa bei rahisi. Mwezi wa kumi 1973, nchi za Kiarabu zikakataa kuwauzia petroli. Mwanzoni mwa 1974 pipa lilikuwa limetoka karibu dola 3 na kufika karibu dola 12. Ndipo motokari ndogo za Japani, kama Honda Civic na Toyota Corolla, zikaanza kutafutwa na watu waliokuwa wanazicheka. Petroli iliposhuka miaka ya 1980, wengi wakarudia zile kubwa polepole. Mwaka 2008 esanse ikapita dola 4 kwa galoni (galoni yao ni karibu litre 3.8), wakakimbilia tena ndogo. Walikuwa wanachagua kwa bei ya siku ile, na motokari inakaa na mwenyewe miaka mingi.

Sisi wa mashariki ya Congo tuna sababu zaidi ya kuangalia. Mafuta yetu mengi yanashushwa Mombasa ao Dar es Salaam, yanavuka mipaka kwa barabara, na yanalipwa kwa dola. Vita ya Ukraine ilipoanza 2022, bei ilipanda dunia nzima, na usafiri wa maharagi ukapanda pamoja nayo. Makadafi wa kando ya barabara hawamngojei mtu.

Lakini ushirika hausafirishi watu kwenda matembezi, unasafirisha magunia. Tuseme litre moja ni faranga 3,000, na soko liko kilometa 100. Motokari ndogo inakunywa litre 10 na kubeba kilo 500: mafuta ni faranga 30,000, yaani 60 kwa kilo. Kamio inakunywa litre 25 na kubeba kilo 5,000: mafuta ni faranga 75,000, yaani 15 kwa kilo. Ile "inayokunywa sana" ndiyo rahisi, mara nne! Kamio hiyo hiyo ikienda na kilo 1,000 tu, tunarudi kwa faranga 75, na ndogo inaishinda. Na kama inarudi tupu, hesabu inaharibika zaidi. Kwa hiyo kabla ya kuuliza motokari gani, tuulize kwanza tunavuna kilo ngapi kwa juma, na majirani wanaweza kuongeza ngapi juu yake. Ushirika wenye mzigo mdogo afadhali ukodi pamoja na mwingine kuliko kumaliza akiba ya wanachama kwa kununua.

Mkiamua kununua, msiamini litre anazotaja muuzaji. Hizo ni za lami. Mjaze tanki mpaka juu, mpakie mzigo, mwende sokoni na kurudi, kisha mjaze tena mpaka juu pale pale. Litre zilizoingia mara ya pili ndizo zilizokunywewa. Matairi yawe na pumzi ya kutosha, na shoferi awe wenu. Ikiwezekana mfanye hivyo wakati wa mvua, juu matope yanakula mafuta sana.