Kupiga picha ndege wa porini bila kuwafukuza

Mwaka jana, mwezi wa saba, semina ya wachungaji ilitupeleka Kasese, Uganda. Ilipomalizika tulibaki na siku ya posho nzima bila kazi. Tulikuwa watu tisa kutoka upande wa Beni na Butembo. Wenyeji wetu wakatupeleka Mweya, ndani ya hifadhi ya Queen Elizabeth, tupande mashua kwenye mfereji wa Kazinga. Mikononi tulikuwa na telefone zetu na kamera moja ndogo ya kuazima. Tulirudi na picha zaidi ya mia nne, na nyingi kati yake hazifai hata kuonyesha watoto: nukta nyeusi juu ya maji, matawi matupu, nusu ya bawa. Lakini ziko thelathini hivi ambazo tunaziangalia mpaka leo. Tofauti kati ya zile na hizi haikutoka kwenye kamera, ndiyo maana tunaandika.

Tuanze na mahali. Mfereji wa Kazinga unaunganisha Ziwa George na Ziwa Edward, na maji yake yanashuka kuelekea Edward. Ng'ambo ya Edward ni kwetu: Kyavinyonge, Vitshumbi, Nyakakoma, na Ishango pale mto Semliki unapotoka ziwani. Hifadhi yetu ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925, ina aina zaidi ya 700 za ndege. Kwa hiyo wale tuliowaona Kazinga si ndege wa kigeni. Ni jirani zetu, wengine wanavuka ziwa bila kuuliza mtu. Lakini kwetu, mtu akitembea na kamera shingoni ataulizwa kwenye kila kizuizi anamfanyia nani kazi, na sehemu nyingi za ukingo wa ziwa raia hafiki kwa usalama. Tumekula samaki wa Vitshumbi tangu utoto, na ilibidi tuvuke mpaka ili tumtazame mwari kwa utulivu. Wengi wetu jina la mwari tulilijua kutoka Biblia tu.

Sasa kosa letu. Nusu saa baada ya kuondoka tulikuta kundi la mwari wamepumzika kwenye ulimi wa mchanga, pamoja na korongo, minandi na ndege wadogo wa majini. Mwongozaji, mama mmoja kijana, alimwambia nahodha azime injini. Mashua ikaelea. Mmoja wetu aliona kwamba ndege waliosimama tu hawana uzuri, akapiga makofi kwa nguvu ili waruke. Wakaruka wote. Sisi tukashangilia, tukabonyeza telefone kama watoto.

Mama yule alingoja tunyamaze. Kisha akasema, "Wachungaji wangu, samahani. Wale wadogo wengine wanataga mayai juu ya mchanga hivi hivi, bila kiota. Jua hili, mama akiondoka, yai linaiva."

Hakusema zaidi. Aliyepiga makofi aliweka telefone mfukoni, na hatukumsikia mpaka tulipozunguka kona. Picha zote za makofi yale zilikuwa mbovu: mabawa yamepita, vichwa havipo, na ndege wote wametugeuzia mgongo. Hili tulilielewa baadaye. Ndege anayekukimbia hukupa mkia wake. Ndege aliyekuzoea hukupa uso.

Basi kazi ya kwanza ya mpiga picha ni kusoma mwili wa ndege kabla ya kusoma kamera. Akiendelea kula, kujisafisha manyoya, au kusimama kwa mguu mmoja, hana shida nawe. Akiacha kula, akanyoosha shingo, akakukazia jicho moja, umefika mwisho wa ruhusa yako. Simama hapo, au rudi nyuma kidogo. Akiinama mbele na kukunja miguu, anaruka sasa hivi. Ndege wakubwa wengi hunya kwanza kabla ya kuruka, na kwa wenye subira hiyo ni alama nzuri ya kuandaa kidole. Hivyo utapata picha ya ndege anayeruka kwa hiari yake. Mwongozaji alituonyesha hilo kwa tai mlasamaki, yule ambaye vitabu vinamwita furukombe. Tulikaa chini ya mti wake karibu dakika kumi. Alirusha kichwa nyuma, akalia mara mbili, na mara ya pili tulikuwa tayari.

Mwalimu wetu mwema zaidi alikuwa mdiria, mvuvi mdogo mweusi na mweupe. Kando ya Kazinga wako wengi sana, na wanachimba mashimo ya kuzalia kwenye kuta za udongo za ukingo. Mdiria ana tabia mbili zinazomsaidia asiye na ujuzi. Anarudi mara nyingi kwenye tawi lile lile, kwa hiyo akiondoka usimfuate. Elekeza kamera kwenye tawi na ungoje. Na anapowinda anasimama hewani mahali pamoja, mabawa yakipiga haraka, kichwa kimetulia kana kwamba kimefungwa na uzi. Muda huo mfupi hata telefone inamkamata.

Kuhusu telefone tuseme ukweli. Ukivuta picha kwa vidole viwili, mara nyingi telefone haikusogezi karibu. Inakata kipande cha picha na kukikuza, ndiyo maana ndege anatoka kama amechorwa kwa majivu. Afadhali upige bila kuvuta sana, umwonyeshe ndege pamoja na maji, matete na kiboko wa nyuma. Picha kama hiyo inaeleza anaishi wapi. Mwenzetu mmoja aliweka kioo cha telefone kwenye tundu la darubini ya mwongozaji, akashikilia pumzi, akapata jicho la korongo hata nyekundu yake. Inahitaji mkono usiotetemeka na majaribio mengi.

Mwenye kamera ndogo ya kuvuta mbali ana nafasi zaidi, lakini mashua inayumba. Bana viwiko mbavuni, usiegemee ukingo wa mashua kwa sababu injini ikiwaka unatetemeka nao. Kama kamera yako inakubali kuchagua mwendo, weka sehemu moja ya elfu ya sekunde kwa ndege anayeruka, na zaidi ya hapo kwa wadogo. Piga picha kadhaa mfululizo. Jicho likiwa kali, picha imepona hata kama mkia una ukungu. Jicho likiwa na ukungu, hakuna la kuokoa.

Mwanga ulitusumbua kuliko yote. Hapa tuko karibu kabisa na ikweta, na jua linapanda haraka. Ikifika saa nne ya asubuhi kila ndege ana kivuli kizito tumboni. Saa ya kwanza ya mchana na ile ya mwisho ndizo zenye rangi. Jua liwe mgongoni kwako. Yangeyange ni mweupe mno, kamera inamgeuza kuwa karatasi. Gusa mwili wake kwenye kioo cha telefone, kisha shusha ile alama ya jua mpaka manyoya yaonekane moja moja. Mnandi mweusi mbele ya anga jeupe anataka kinyume chake. Mwako wa taa uzime kabisa, na nyimbo za ndege zilizorekodiwa usizipige kwenye telefone ili kumwita: anafikiri adui ameingia shambani mwake, anaacha kiota kuja kupigana na mtu ambaye hayupo.

Na utafute wapi? Nahodha wetu alijibu kwa neno moja: viboko. Kinyesi cha kiboko kinalisha maji, maji yanalisha samaki, samaki wanamlisha ndege. Upande wetu wa ziwa, miaka ya 1970 Virunga ilikuwa na viboko zaidi ya 20,000. Miaka ya vita iliwamaliza karibu wote, na wavuvi wetu wanajua wavu ulivyokuwa mwepesi baada ya hapo. Tulipokuwa tukipiga picha za wale wa Kazinga, na ndege wakitembea juu ya migongo yao, kulikuwa na kimya kidogo kwenye mashua.

Jambo la mwisho linachukua dakika moja jioni, na karibu kila mtu analisahau: andika. Mahali, tarehe, saa, ndege alikuwa anafanya nini. Wakongo tuna sababu ya pekee ya kulijali hili. Mwaka 1913, Mmarekani James Chapin alikuta Avakubi, huko Ituri, unyoya mmoja kwenye kofia ya mwenyeji. Hakumjua ndege wake. Akauweka. Mwaka 1936, katika jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji, aliona ndege wawili waliokaushwa wenye manyoya kama yale, wamesahauliwa na kuandikwa kwamba ni tausi wachanga wa India. Hawakuwa wa India. Alikuwa tausi wa Kongo, ndege wa misitu yetu ambaye wazee wetu wa msituni walimfahamu siku zote. Kibandiko kibaya kilimficha, na unyoya uliotunzwa miaka 23 ukamtoa.

Sisi hatukugundua kitu. Lakini tuna picha moja ya ndege mdogo wa kahawia mwenye mstari mweupe juu ya jicho, kwenye matete, saa kumi na moja kasoro robo ya jioni, na hakuna kati yetu wala mwongozaji aliyemtambua. Tumemwandika hivyo hivyo: "hatujui". Yesu alipowaambia wanafunzi wawatazame ndege, katika Mathayo 6, neno la Kigiriki lina nguvu ya kukazia macho, si kutupa jicho tu. Shuleni tulijifunza kitenzi hicho kwa mtihani.

Siku ya pili tulirudi nyumbani kwa njia ya Mpondwe. Kabla ya kufika mpakani tulikumbushana kuweka telefone na kamera ndani ya mifuko, maana pale hakuna kupiga picha. Tulipokuwa kwenye mstari, tukiangalia mto Lubiriha chini yetu, mdiria akaja kukaa kwenye waya, karibu kuliko wote wa Kazinga, jua liko mgongoni kwetu. Alikaa pale muda mrefu. Watu tisa tulimtazama, mikono chini, mpaka afisa alipotuita mbele.