TELEFONE NA MASHINE VINAWEZA KUTUFUNDISHA MICHEZO?



Muhula uliopita sisi makapita tuliwanyang'anya wenzetu watatu wa darasa la nne telefone nyuma ya kiwanja. Walilia: « Kapita, haiko muziki, iko mazoezi! » Hatukusikia. Telefone ikapelekwa ofisini, nao wakafagia kiwanja juma zima. Baadaye tulijua kwamba walikuwa wanatupa mkuki wa mwanzi: mmoja anatupa, mwingine anapiga video, kisha wote wanatafuta kosa. Tuliwaazibu mbele ya kuelewa. Njo maana tunaandika leo.

Shida ni hii: mtu anayetupa hajioni. Anafikiri mkono wake uko juu, kumbe kiwiko kimeanguka. Lazima mtu au kitu kimwambie amefanya nini kweli.

Julius Yego wa Kenya, aliyezaliwa 1989, hakuwa na mwalimu wa mkuki. Alienda kwenye nyumba ya intaneti, akaangalia video za mabingwa Jan Železný wa Ucheki na Andreas Thorkildsen wa Norwe, akarudi kiwanjani kujaribu. Mwaka 2015, kule Beijing, alitupa metre 92,72 akawa bingwa wa dunia. Mwaka 2016 alipata medali ya feza kwenye Olimpiki ya Rio. Lakini tusidanganyane: video ya bingwa inakuonyesha yeye, haikuonyeshi wewe. Hata Yego alienda Finland kufundishwa na kocha mwenye macho.

Wataalamu wa chuo kikuu cha ETH, mji wa Zürich, Uswisi, walienda mbali zaidi. Walitia kipande cha mtumbwi wa mashindano ndani ya chumba, mbele yake picha kubwa ya maji. Kasia limefungwa kwa kamba zinazovutwa na mota. Ukilivuta, mashine inapima njia ya kasia. Inaweza kukuonyesha kosa kwa picha, kukusikilizisha kwa sauti, ao kukusukuma mkono urudi katika njia nzuri. Sisi watu wa Idjwi, tuliozaliwa na kafi mkononi, tunaweza kucheka: kupiga makasia ndani ya nyumba! Lakini jibu walilopata linatuhusu.

Mwaka 2013 waliandika kwamba waliojifunza vizuri zaidi si wale waliosaidiwa na mashine wakati wanavuta. Ni wale walioonyeshwa kosa lao kiisha kumaliza. Sababu gani? Anayesaidiwa kila mara anafuata mashine tu na kurekebisha hata vitu visivyo na maana. Mwili wake haushiki somo. Ni kama mwanafunzi anayenakili kazi ya jirani. Madaftari yake ni mazuri, lakini siku ya Exetat jirani hayuko.

Basi mashine ya Zürich hatutaipata, lakini sheria yake haiombi franga. Mtu atupe mara tatu. Aseme kwanza mwenyewe: « Kosa langu lilikuwa hapa. » Kisha aonyeshwe video. Kisha atupe tena bila kuangalia. Pasipo telefone, rafiki asimame kando, anyamaze mpaka mwisho, halafu aseme kosa moja tu, si kumi. Hiyo inafaa kwa mupira na kwa mbio pia. Kuogelea hapana: katika ziwa Kivu, video haiwezi kumtoa mtu majini. Huko lazima awepo mtu mzima anayejua kuogelea.

Kwa hiyo tunaomba wakubwa wa shule waruhusu telefone moja tu, Siku ya Posho saa ya michezo, ikae mikononi mwa kapita na kurudi ofisini kiisha mazoezi. Kama tukiitumia vibaya, tuazibiwe sisi wa kwanza.

Nanyi wenzetu watatu wa darasa la nne, mtusamehe. Siku ya Posho mtatukuta kiwanjani, ufagio mkononi: zamu yetu imefika.

Makapita wa darasa la sita