Gawana Marando na Jirani

Wahenga walisema akiba haiozi. Mahindi makavu huwekwa ghalani mpaka msimu ujao. Lakini marando ya viazi vitamu hayawekwi ghalani. Yatakauka au yataoza. Marando hukaa hai yakiwa ardhini. Basi akiba yake tuiweke wapi? Tuiweke katika bustani zetu na katika bustani za majirani.

Viazi lishe ni viazi vitamu vyenye rangi ya chungwa ndani. Mwili hutumia rangi hiyo kutengeneza vitamini A. Vitamini hii hulinda macho na kuusaidia mwili kupigana na magonjwa. Mtoto anayeikosa hushindwa kuona vizuri giza linapoanza kuingia. Akiendelea kuikosa anaweza kuwa kipofu. Pia surua au kuhara kunaweza kumwua. Mtoto wa namna hiyo apelekwe zahanati mara moja.

Kiazi lishe kimoja kidogo, cha gramu 125, kinatosha kumpa mtoto mdogo vitamini A ya siku moja. Kichemshe, umpe pamoja na chakula chenye mafuta kidogo.

Wakati wa kiangazi marando mengi hufa. Kwa hiyo panda kitalu kidogo karibu na maji. Kizungushie uzio, mbuzi wasiingie. Mvua zikianza, wape marando majirani watatu. Mwaka ujao kitalu chako kikikauka, utapata mbegu kwao.

Lakini tuwe waangalifu. Anayegawa marando mabaya anagawa ugonjwa. Fanya hivi:

1. Usikate marando kwenye shina lililodumaa, wala lenye majani yaliyojikunja au yenye mabaka ya njano.
2. Kata sehemu ya juu ya rando, urefu wa sentimita 30 hivi. Sehemu ya chini iliyokomaa huweza kuwa na mayai ya fukusi.
3. Panda juu ya tuta. Fukia theluthi mbili za rando. Acha sentimita 30 kati ya rando na rando.

Kama kijijini hakuna mbegu ya viazi lishe, chagueni mtu aende kwenye maonyesho ya Nane Nane. Maonyesho hayo hufanyika kila mwaka mwanzoni mwa Agosti. Kwenye mabanda ya kilimo aulize: Mbegu hii inafaa kwa ardhi yetu? Imetoka shamba lisilo na ugonjwa? Itakomaa kwa miezi mingapi? Akipata marando, ayafunge katika gunia lenye unyevu, ayakinge na jua, na ayapande mapema. Agosti ni kiangazi katika sehemu nyingi, hivyo yaanzie kitaluni.

Mjadiliane katika kikundi: Nani hapa kijijini ana marando mazuri? Nani atatunza kitalu kiangazi hiki? Tutaanza kumpa nani? Tuanze na nyumba zenye watoto wadogo.